Kuhusu Lile Karai la Gemu Chafu



Tangu niweke picha ya lile karai Jumatatu, simu yangu haijanyamaza. Mama mmoja wa ushirika wetu ameuliza kama mchungaji ameanza kuosha vyombo vya watu. Kijana mmoja ameandika kwa herufi kubwa, "PASTA, HIYO NI GAME BOY?" Na ndugu mmoja ninayemheshimu sana ameniandikia kwa upole kwamba watoto wetu tayari wamepotelea kwenye simu na kamari za mpira, sasa mchungaji naye anawaletea gemu.

Nianze na huyo ndugu. Vilivyo ndani ya karai havina intaneti, havina matangazo, na havina mahali pa kuweka pesa hata shilingi moja. Ukizima, umezima. Kamari inayotafuna mishahara ya vijana wetu iko ndani ya simu hii hii unayosomea, na vita hiyo naipigana nikiwa macho, unajua. Plastiki ya mwaka 1989 siyo adui yangu.

Ndiyo, ni Game Boy. Baadhi ni zile kubwa za kijivu za kwanza, na mbili ni Game Boy Color, zile ndogo zilizokuja mwaka 1998. Wengi wa rika langu hatukuwahi kuzishika utotoni. Sisi tulikuwa na Brick Game ya Kichina, ile yenye matofali yanayoanguka, na hata hiyo ilikuwa moja kwa mtaa mzima na mwenyewe alikuwa mfalme. Hizi za karai zilinijia kwa njia nyingine. Nilipokuwa chuo cha Biblia sehemu ya karo yangu ilitoka kwa kutengeneza redio za watu, na sifa ya fundi haifi. Watu bado huniletea vitu. Siku hizi vijana wanne huja Jumamosi nyuma ya kanisa, tunafungua mashine zilizonunuliwa kwa bei ya takataka kwenye mitumba, tunaziosha, tunazifufua, wanaziuza. Mmoja wao amelipia kozi yake ya stima kwa pesa hiyo.

Kwanza mjue chombo chenyewe, maana huwezi kuosha kitu usichokijua. Game Boy ilitengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, na ilianza kuuzwa huko Aprili 1989. Nintendo wenyewe walianza mwaka 1889 wakitengeneza karata za kuchezea. Kiongozi wa kazi ya Game Boy alikuwa Gunpei Yokoi, ambaye aliingia kampuni hiyo mwaka 1965 kama mtu wa kutunza mashine za karata. Napenda sana habari ya mtu huyo. Wenzake sokoni walikuwa wakikimbilia skrini za rangi, naye akachagua skrini ya kijani kibichi kama maji ya bwawa, isiyo na taa, kwa sababu ilikuwa rahisi na haikula betri. Game Gear ya Sega ilikuwa na rangi nzuri, lakini ilimeza mawe sita kwa saa chache. Game Boy ilitumia manne na ukasafiri nayo siku nzima. Ukijumlisha na zile za Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi alifariki mwaka 1997 katika ajali ya barabarani. Moja ya Game Boy zake iliungua wakati wa Vita vya Ghuba, ganda la mbele likayeyuka na kuwa jeusi, na bado iliwaka. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2023, ilionyeshwa katika duka la Nintendo kule New York, ikiwa imewashwa.

Najua mahubiri mnayoyangojea sasa. Kikombe cha nje na cha ndani, Mafarisayo, tunamalizia na maombi. Leo sihubiri hilo. Kwanza kwa sababu sikubali kwamba nje haina maana. Kitu kinachoshikwa kwa mikono, nje ndiko kinakoishi.

Basi uchafu. Ukichukua Game Boy ya kale utaona weusi uliokaa kwenye mstari ambapo nusu mbili za ganda zinakutana, kuzunguka vitufe, na kwenye matundu ya spika. Watu hudhani ni vumbi. Vumbi lingepulizwa likatoka. Huo ni mafuta ya ngozi na jasho la mtoto, yamechanganyika na vumbi, makombo ya biskuti, pengine sukari ya soda, yakakauka miaka ishirini. Ndiyo maana ni laini ukikwaruza kwa kucha, na ndiyo maana kitambaa kikavu kinaupaka tu kutoka hapa kwenda pale.

Dawa yake ni ya bei rahisi kuliko mnavyodhani. Toa mawe. Fungua ganda. Zile za kwanza, nyingine zina skrubu za kawaida za msalaba na nyingine zina skrubu za mikato mitatu, zinazohitaji bisibisi yake maalum. Usilazimishe kwa bisibisi bapa. Utamaliza kichwa cha skrubu na kitu kitabaki kimefungwa mpaka Bwana arudi. Ukifungua Game Boy ya kwanza, fungua polepole kama mtu anayefungua kitabu cha kale, kwa sababu bodi ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa na utepe mwembamba. Uchomoe taratibu, usiuvute. Toa bodi, spika, kila kitu chenye umeme, weka mbali na maji. Kinachobaki ni plastiki tupu na mpira wa vitufe. Hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye karai.

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, nusu saa. Kisha mswaki laini wa zamani. Kijiti cha meno kwa ule mstari wa kati, kijiti cha mti, siyo pini. Mpira wa vitufe uoshe kwa vidole tu, na zile duara nyeusi za chini usizisugue, kwa maana ndizo zinazopitisha umeme ukibonyeza. Suuza, kausha kivulini siku nzima. Haraka ya kufunga kitu chenye maji imeua mashine nyingi kuliko uchafu.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa akina dada mnaotaka kusaidia. Ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, usiilete. Nyingi ina asetoni, na plastiki ya Game Boy ni aina inayoitwa ABS, ambayo asetoni huiyeyusha. Siyo kuichafua, kuiyeyusha. Thina hali kadhalika haifai. Dawa ya meno ina chembechembe, itakwaruza kioo cha skrini. Maji ya kuchemka yanaweza kupinda ganda lisifunge tena. Spiriti ni nzuri kwa bodi na kwa gundi ya stika, lakini kwenye kile kioo cha plastiki inaweza kuleta nyufa nyembamba kama nywele, na inaweza kufuta maandishi yaliyochapishwa. Na inatoa wino wa biro. Hilo la biro nitalirudia.

Kuna kitu kingine ambacho si uchafu kabisa, na hapa ndipo vijana hukosana nami. Ukimaliza kuosha, ganda la kijivu mara nyingi bado lina rangi ya njano, kama meno ya mzee wa kiko. Kijana atachukua mswaki tena. Atasugua mpaka jioni. Haitoki, kwa sababu haiko juu ya plastiki, ni plastiki yenyewe. Viwanda viliweka kemikali zenye bromini ndani ya plastiki ya aina hii ili isishike moto upesi. Mwanga, joto, hewa na miaka vinaibadilisha ABS pamoja na hizo kemikali, na rangi inageuka. Mara nyingine nusu ya mbele inageuka na ya nyuma inabaki kama ilivyokuwa, ingawa zimekaa pamoja maisha yao yote. Nimeona hivyo mara nyingi na bado hunishangaza.

Njano hiyo ina njia yake ya kupunguzwa. Tangu mwaka 2008 hivi, watu wanaopenda kompyuta za zamani wamekuwa wakitumia haidrojeni peroksaidi, ile ile ya saluni. Krimu ya asilimia 12, ambayo wasusi wanaijua kwa namba 40, unapaka, unafunika kwa nailoni isikauke, unaweka juani na kugeuza geuza. Vaa glavu na ulinde macho, inachoma ngozi ikawa nyeupe. Ukipaka vibaya unapata mabaka kama ramani. Na hata ukipaka vizuri, njano inaweza kurudi baada ya muda. Mimi siitumii sana. Kijana anayeuza ana sababu, mnunuzi analipia weupe, na sharti langu kwake ni moja, amwambie mnunuzi kwamba imepaushwa. Vivyo hivyo akibadilisha ganda zima kwa jipya la kutoka China, ambayo si dhambi, asibandike juu yake stika ya namba ya lile la zamani na kuita ya asili. Tumezozana juu ya hilo Jumamosi mbili. Amekubali, ingawa si kwa furaha.

Sasa niwaeleze kwa nini nimeandika haya yote, maana picha ya karai ilikuwa na Game Boy moja ambayo si ya kuuzwa. Mwenyewe ameniruhusu kusema, bila jina.

Ni mzee wa kanisa letu, mwalimu mstaafu. Alikuja nayo ndani ya mfuko wa unga, akaiweka mezani, akasema, "Pasta, nasikia unaosha hizi." Mwanawe alipewa na mjomba aliyekuwa akisoma Uingereza. Mwaka 1997, kijana akiwa darasa la saba, mzee aliona alama zinashuka, akaichukua, akaifungia kwenye sanduku la bati. Alimwambia atairudishiwa akimaliza KCPE. KCPE ilikuja ikapita. Kukatokea mambo mengine kati yao, makubwa kuliko gemu, ambayo si yangu kuyaandika. Kijana sasa ni mtu wa miaka arobaini, anafanya kazi Mombasa. Alikuja mazishi ya mama yake, akarudi usiku ule ule. Mzee alipokuwa akipanga vitu vya marehemu akafungua lile sanduku.

Aliniambia, "Nataka iwe kama siku ile niliyoichukua."

Nilifungua mlango wa betri mbele yake. Mawe manne ya redio yalikuwa bado ndani, yamevimba na kutoa maji, yamekauka unga unaong'ang'ania chuma. Hapa kuna jambo la kujua. Mawe ya alkalaini yakivuja unatumia siki au ndimu. Yale ya kawaida ya bei nafuu, ya zinki na kaboni, maji yake yana asidi, kwa hivyo siki haisaidii kitu, unatumia maji yenye bekingi soda kidogo. Soma karatasi ya jiwe kwanza, ikiwa bado inasomeka. Haya yalikuwa ya zinki. Nilikaa nayo jioni mbili kwa pamba na kijiti, nikasugua vyuma mpaka vikang'aa, kimoja kilikuwa kimeliwa na ilibidi nikibadilishe kwa kukitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Skrini ilikosa mistari, ugonjwa wa kawaida wa hizi za kwanza, ikarudi nilipopitisha joto la chuma cha kulehemu pale chini utepe wa skrini unaposhikana. Ganda likaenda kwenye karai. Ule weusi wa mstari wa kati ulitoka vizuri sana. Maji yaligeuka kama chai ya rangi.

Ndani ya kile kifuniko cha betri, upande usioonekana, kulikuwa na maandishi ya biro. Jina la kijana, darasa lake, na neno "mali ya". Mkono wa mtoto anayejikaza kuandika vizuri. Sikulisugua. Nililisafisha pembeni kwa kitambaa chenye maji, nikampigia mzee aje aone kabla sijaendelea, kwa sababu ganda lilikuwa njano, na kulirudisha kijivu kama siku ile lilihitaji peroksaidi, na peroksaidi isingeuliza jina ni la nani.

Alikuja jioni. Alivaa miwani, akashika kile kifuniko muda mrefu. Akasema, "Hiyo M ni yangu. Mimi ndiye nilimfundisha kuandika M hivyo."

Nikamweleza habari ya njano kama nilivyowaeleza ninyi. Kwamba weusi ulikuwa uchafu na umeondoka. Kwamba njano si uchafu, ni miaka. Naweza kuipunguza, huenda ikarudi, na hilo jina nisingeahidi.

Akauliza, "Nikiacha hivi, atajua ilikaa muda gani?"

Nikamwambia, "Ataona, mzee wangu. Anaikumbuka ikiwa ya kijivu."

Alinyamaza. Mimi nami sikusema neno, na mnajua kwa mchungaji hiyo si kazi rahisi. Nadhani alitaka kumpelekea mwanawe kitu kisicho na hiyo miaka ndani yake, na mimi ningetamani kuwa na krimu ya kufanya hivyo, ningempaka nayo akina baba wengi wa kanisa hili. Mwishowe akafunga miwani kwenye kasha lake. "Acha ilivyo."

Nikaifunga. Nikaweka mawe mapya manne, tukaiwasha, ikalia ile kengele yake ndogo, na mzee wa miaka sabini na kitu akaruka kitini. Tukacheka wote wawili. Nikamwonyesha jinsi ya kutoa mawe kama haitumiki. Tukaomba. Alisafiri Alhamisi kwa basi la usiku.

Jumapili baada ya ibada ya pili alinivuta kando, karibu na matanki. Alisema kijana alimpokea stendi bila maneno mengi. Walipofika nyumbani alimkabidhi ule mfuko. Kijana hakuiwasha. Aligeuza nyuma, akatoa kifuniko cha betri, akatazama ndani, akakirudisha. Kisha akamuuliza baba yake kama amekula.

Mzee amesema atarudi huko Desemba. Tuendelee kuwaombea, na tafadhali msimzingire kwa maswali akija Jumapili.

Kwa wale mnaotaka kujifunza kazi hii, njooni Jumamosi saa nane mchana, nyuma ya kanisa. Leteni mswaki wa zamani na kitambaa cha pamba. Sabuni ipo. Kama una mashine nyumbani yenye mawe ndani, usingoje Jumamosi, yatoe sasa hivi.

Mbarikiwe.